Santuri, CD, faili au kutiririsha: ukusanyeje jazi huru ukiwa Nairobi?

Jumapili moja, sebuleni kwa mwenzetu South B, wanaume wawili wenye watoto wa sekondari walibishana karibu saa nzima juu ya Ascension, albamu ya mpiga saksofoni wa Marekani John Coltrane. Ubishi wenyewe ulikuwa mdogo: tarumbeta ya Freddie Hubbard ikishanyamaza, ni saksofoni ya nani inayoingia? Kila mmoja alikuwa ameisikiliza wiki hiyo hiyo. Kila mmoja aliapa. Chai ikapoa, mandazi yakaisha (sisi tusiobishana tulikuwa na kazi ya kufanya), na mwishowe ikabainika kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Coltrane na wenzake kumi walikipiga kipande hicho mara mbili siku ile ya 28 Juni 1965, na zamu za wapulizaji hazifuatani kwa mpangilio mmoja. Santuri za kwanza zilizotoka mwaka 1966 zilibeba pigo moja. Kisha Coltrane akaamua kwamba lile jingine ndilo alilolitaka, na santuri zilizofuata zikalibeba hilo. Alama yake ni maneno "Edition II" yaliyochanjwa kwenye ule ukanda laini ulio karibu na lebo. Mbishi mmoja alikuwa na santuri aliyorithi kwa mjomba wake. Mwingine alikuwa amebonyeza simu, na simu ikampa pigo ililolitanguliza.

Wimbo wa rumba, uusikie kwenye redio ya matatu au kwenye santuri ya mwaka 1974, ubishi ni uleule: nani aliimba, nani alipiga gitaa, nani alimwibia nani mke. Jazi huru, ile ambayo wapigaji hubuni papo hapo bila kufungwa na mpangilio wa kawaida wa wimbo, haiko hivyo. Chombo ulichoisikilizia huamua umesikia nini, na kwa hiyo huamua utabishana juu ya nini. Ndiyo maana swali tunaloulizwa mara kwa mara na wanaojiunga na baraza letu la kusikiliza, "nianze kukusanya kwa njia gani?", halijibiki kwa neno moja.

Nifafanue jambo kabla hatujaenda mbali. Neno jazi huku kwetu lina ukoo wake. Wazee wakilisikia wanakumbuka Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz: magitaa, dansi na jasho. Hapa nazungumzia ile iliyochipuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, akina Ornette Coleman, Albert Ayler, Sun Ra, Coltrane wa miaka yake ya mwisho na Art Ensemble of Chicago. Ndiyo ile ambayo jirani akiisikia hubisha hodi kuuliza kama kuna kitu kimeanguka.

Vigezo kwanza

Nitapima njia nne: santuri, CD, faili za kununua na kupakua, na kutiririsha kwa simu. Vipimo ni sita. Unaipataje, na kwa pesa ngapi? Je, kipande kinafika kizima au kimekatwa? Sauti ikoje kwa vyombo ambavyo mtu wa kawaida wa Nairobi anavyo? Unapata maelezo gani ya nani alipiga nini? Itastahimili vumbi, mvua na stima yetu? Na cha mwisho, ambacho kwangu ni kikubwa kuliko vyote: inasaidia nini watu wakikaa pamoja kusikiliza na kubishana?

Sitavipa vipimo hivi uzito sawa. Vingine ni vya kupita tu.

Kuipata, na bei yake

Msaka *santuri* wa Nairobi huanzia Soko la Kenyatta. Ukishawapita wachoma nyama na wasuka nywele, unafika penye santuri zilizopangwa hadi darini. Utapata rumba, benga, soul, reggae, na country ya kutosha kutandika barabara ya Ngong yote. Jazi huru? Nimechakura kwa miaka, jicho likitafuta ule mgongo wa jalada wenye rangi ya chungwa na nyeusi wa lebo ya Impulse!, na ninachokutana nacho zaidi ni saksofoni laini za miaka ya 1980, zile za kuchezwa kwenye lifti. Simlaumu mtu. Jiji hili lilikuwa kitovu cha santuri ndogo za muziki wetu wenyewe. Ornette hakuwa na mteja River Road.

Kwa hiyo unaagiza. Santuri mpya nchi za nje huuzwa dola 25 hadi 35 hivi. Ongeza usafirishaji wa kitu kizito na kipana ambacho kikigongwa hupasuka, ongeza ushuru, ongeza VAT ya asilimia 16, na unaweza kujikuta umelipa mara mbili ya bei ya dukani. Njia yetu wengi ni shangazi wa Boston au binamu anayesoma Leeds: analaza mbili tatu katikati ya sweta, anatua nazo JKIA. Mwombe mbili tatu, usimwombe kumi. Nakala asilia, mathalani zile za lebo ya Saturn ambazo Sun Ra na Alton Abraham walizitoa kwa idadi ndogo na majalada mengine kuchorwa kwa mkono, ziache kwa wenye pesa za kuchezea. Baadhi yake huuzwa kwa bei ya pikipiki.

*CD* wameitangaza kuwa imekufa, na hapo ndipo penye neema. Wageni wa mashirika ya Gigiri wanapomaliza mkataba huuza vitu vya nyumba: makochi, jiko, baiskeli za watoto, na mara nyingine sanduku la CD ambalo hakuna anayeligusa. Humo, chini ya Sade na nyimbo za Krismasi, nimewahi kuokota Spiritual Unity ya Ayler kwa bei isiyofika chapati mbili na maharagwe. Ukiagiza mpya ni dola 10 hadi 18, na kwa kuwa ni nyepesi, binamu yule yule wa Leeds anakubebea kumi bila kununa.

*Faili* hazihitaji binamu. Orodha kubwa ya Sun Ra iko Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, na lebo ndogo ndogo nyingi ziko huko. Albamu kwa kawaida ni dola 7 hadi 10. Asiye na kadi ya benki hutengeneza kadi ya Visa ya mtandaoni kupitia M-Pesa GlobalPay, huduma iliyoanza mwaka 2022, akalipa kutoka kwenye simu. Bandcamp hukata asilimia 15 kwenye mauzo ya faili, na kinachobaki baada ya gharama za malipo humwendea mwanamuziki au lebo yake. Kama unaona aibu kusikiliza watu bure, hesabu hiyo itakutuliza. Gharama iliyojificha ni data: albamu ya dakika 40 kwa faili za FLAC, zile zisizopunguza ubora wa sauti, huweza kufika megabaiti 250. Mwenye Wi-Fi ya nyumbani hatalihisi hilo, lakini mwenye bando la siku atalihisi vizuri sana.

*Kutiririsha* ndiko rahisi kuliko kote. Spotify ilifunguliwa Kenya Februari 2021, Apple Music ilishatangulia, na ada ya mwezi ni kama nauli ya mjini na chakula cha mchana. Kwa pesa hiyo unapata karibu majina yote niliyoyataja, usiku huu huu.

Je, kipande kinafika kizima?

Nitakaa hapa kidogo, maana ubishi wetu mwingi hutoka hapa.

Desemba 21, 1960, Ornette Coleman aliingia studio na wenzake saba wakapiga kipande kimoja cha dakika 37 bila kusimama, kikaitwa Free Jazz. Upande mmoja wa santuri haubebi muda huo vizuri. Kikakatwa: nusu upande huu, nusu upande ule. Kipande kirefu cha Pharoah Sanders kwenye Karma ya mwaka 1969, kinachopita dakika 32, nacho kimegawanywa pande mbili. Black Unity yake, vivyo hivyo. Mwenye *santuri* anasikiliza nusu, anainuka, anageuza, anarudi kuketi. Mwenye *CD* anasikiliza moja kwa moja, maana CD ina nafasi ya dakika 74 na zaidi.

Mtu atasema basi CD imeshinda. Subiri. Sisi tulilelewa na muziki uliokatwa. Santuri ndogo za benga na rumba zilikuwa na sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili, na gitaa likianza tu kupamba moto unaruka kugeuza kabla wachezaji hawajapoa. Kugeuza kulikuwa sehemu ya dansi. Mwenzetu mmoja wa Buruburu anadai, na sijapata jibu la kumshinda, kwamba Free Jazz inahitaji lile pumziko: sikio linakaa chini, linakunywa maji, linarudi na njaa. Mimi naamini wale wanane hawakupumzika studio, basi na mimi nisipumzike. Tumebishana hivyo tangu enzi za Kibaki.

CD ina dhambi yake nyingine, ambayo ni ukarimu. Kwa kuwa nafasi ipo, wanaijaza. Free Jazz ya CD inakuja na pigo la majaribio la dakika 17 baada ya lile kuu. Interstellar Space, ambayo Coltrane na mpiga ngoma Rashied Ali waliirekodi Februari 1967, miezi mitano kabla Coltrane hajafariki, ilitoka kama santuri mwaka 1974 ikiwa na vipande vinne. Kwenye CD wameongeza vingine. Albamu za Sun Ra mara nyingi huwekwa mbili kwenye CD moja, na mgeni hajui moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Kwa mtafiti hiyo ni karamu. Ila anayetaka kusikia kitu chenye mwanzo na mwisho ajifunze kubonyeza kitufe cha kuzima.

*Faili* hutegemea aliyezitayarisha: wengine huunganisha pande mbili, wengine huziacha zimekatwa kama santuri, lakini ukitumia programu nzuri ya kuchezea huusikii mshono. *Kutiririsha* kwa akaunti ya kulipia ni vivyo hivyo. Kwa akaunti ya bure, jiandae: sehemu ya kwanza inaishia roho ikiwa juujuu, halafu dada mmoja mchangamfu anakuuliza kama unahitaji mkopo wa haraka kwa simu.

Sauti

Mapenzi ya *santuri* yana ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wenye masharti. Sharti la kwanza ni gramafoni yenye mkono uliosawazishwa na sindano nzima. Zile za sanduku zenye spika ndani, zinazopendeza kwenye picha, hukandamiza sindano na kula mifereji. Sharti la pili ni aina ya muziki. Ayler anavumilia mikwaruzo. Saksofoni yake ilikuwa na mikwaruzo ya kutosha tangu mwanzo. Lakini People in Sorrow ya Art Ensemble of Chicago, ya mwaka 1969, inaanza kwa minong'ono: kengele ndogo, pumzi, ukimya mrefu. Hapo kila chembe ya vumbi la Nairobi inapiga solo yake. Kwa albamu kama hiyo nachukua *CD* bila kufikiri mara mbili.

*Faili* ya FLAC iliyotolewa kwenye CD ni CD ile ile, tarakimu kwa tarakimu, asikudanganye mtu. Na *kutiririsha* kwa kiwango cha juu? Tulifanya jaribio barazani, macho yamefungwa, kipande kimoja kwa njia tatu, amplifaya na spika zile zile. Aliyekuwa akipiga kelele zaidi kwamba santuri ina "uhai" aliikosa mara mbili kati ya tatu. Simtaji, anajijua, na bado tunampenda.

Kinachoharibu sauti ya simu kwa kawaida ni spika, na kwa jazi huru hili lina madhara ya pekee. Kwenye Free Jazz, Ornette aliwapanga watu wake vikundi viwili vya wanne wanne. Sikio la kushoto linapata Ornette mwenyewe, Don Cherry, Scott LaFaro kwenye besi na Billy Higgins kwenye ngoma. La kulia linapata Eric Dolphy, Hubbard, Charlie Haden na Ed Blackwell. Ni kama kukaa katikati ya meza ya ukoo, pande mbili zikisemezana. Ukiipitisha kwenye kispika kimoja cha Bluetooth, meza yote inarundikana mdomo mmoja, nawe unasema, "Hii ni kelele." Kwa hali hiyo nami ningesema hivyo. Vaa vipokea sauti vya masikioni, hata vya bei nafuu vya barabara ya Luthuli, urudi kusikiliza upya.

Kuna rekodi pia ambazo hakuna njia itakayoziokoa. Coltrane alipopiga kwenye kituo cha utamaduni cha Olatunji huko Harlem, Aprili 1967, rekodi ilitoka chafu, sauti zimefurika. Ilitolewa rasmi mwaka 2001. Inunue kwa njia ya bei rahisi kabisa. Uchafu ni ule ule.

Jalada, na yaliyoandikwa nyuma

Hapa Mswahili ana sababu yake binafsi ya kutaka karatasi.

Mwaka 1971 Herbie Hancock alitoa albamu iitwayo Mwandishi. Ndiyo, Mwandishi. Yeye na wenzake walijichukulia majina ya Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa ngoma akawa Jabali, Bennie Maupin akawa Mwile, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto, na Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga. Henderson kweli ni daktari, tena wa magonjwa ya akili, kwa hiyo jina lilimkaa. Kuna Leon Chancler pia, ambaye jina Ndugu lilimganda maisha yote.

Jioni moja tulibishana juu ya Pepo Mtoto hadi Hancock mwenyewe akasahaulika. Walikusudia roho yenye utoto, lakini ukilitamka jina hilo kwa bibi yangu Kilifi, kwanza atafunga mlango. Mchezaji nalo: ni mpiga besi, ni mcheza mpira, au ni mtu wa michezo michezo na wake za watu? Ubishi huo huupati kwenye simu. *Kutiririsha* kunakuonyesha jina la Herbie Hancock na picha yenye ukubwa wa kijitambulisho. Kinachokosekana zaidi ni orodha ya waliopiga, na kwa muziki wa watu kumi na mmoja wakipiga kwa pamoja, bila orodha hujui unamsifu nani. Hungejua, kwa mfano, kwamba mmoja wa wapiga saksofoni ya alto kwenye Ascension, John Tchicai, alizaliwa Denmark na baba yake alikuwa Mkongo.

*Santuri* hapa haina mpinzani. Jalada asili la Free Jazz lilikuwa na dirisha lililokatwa, na kupitia dirisha hilo unaona sehemu ya mchoro wa Jackson Pollock, ukifungua ndipo unauona wote. Maandishi yanasomeka bila miwani. *CD* ina kijitabu chenye maneno yale yale, mara nyingi na mengine zaidi, kwa herufi za siafu. *Faili* za Bandcamp huja mara nyingine na kijitabu cha PDF, na majina ya wapigaji huandikwa kwenye ukurasa wa albamu. Yanakili siku hiyo hiyo ya kununua.

Vumbi, mvua na stima

Januari na Februari vumbi, Machi hadi Mei unyevu. *Santuri* inachukia vyote viwili, na joto zaidi. Nilinunua moja, nikaiweka kiti cha nyuma cha gari, nikaingia kula nyama choma "kidogo tu". Niliporudi ilikuwa imejikunja kama ukingo wa chapati. Ziweke wima, mbali na dirisha. Jalada likishashika ukungu halirudi. Kuosha, tunatumia yale maji ya betri ya kituo cha petroli, yasiyo na asidi (narudia, yasiyo na asidi), na kitambaa laini. Sindano mpya nayo mara nyingi ni ya kuagiza.

*CD* ni mvumilivu, ingawa zipo zilizotengenezwa kiwanda kimoja cha Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 ambazo hugeuka rangi ya shaba na kufa pole pole. Tatizo lake kubwa ni mashine: laptopu mpya hazina pa kuiingiza. Siri ya wakusanyaji wa Nairobi ni ile DVD pleya ya zamani iliyolala juu ya kabati la mama. Inacheza CD bila lalama.

*Faili* hufa ghafla. Leo unazo, kesho diski imeanguka. Weka nakala mbili, moja isiwe nyumbani kwako. *Kutiririsha* hakufi, huondoka: albamu ilikuwepo Jumatatu, mkataba wa lebo ukaisha, Ijumaa jina limefifia. Lakini stima ikipotea saa mbili usiku, ni simu na faili zinazoendelea kuimba. Gramafoni inabaki kuwa meza.

Barazani

*Santuri* huwaweka watu pamoja. Inapita mkononi, inanuswa, mtu anasoma nyuma kwa sauti, na kwa kuwa kuirukisha ni kazi, kila mtu anavumilia hadi mwisho wa upande. Jazi huru inahitaji uvumilivu huo kuliko muziki wowote ninaoujua. Kasoro yake ni kwamba huazimwi. Kuna mtu namwomba Kulu Sé Mama ya Coltrane tangu kabla ya korona.

*CD* huazimwa kwa urahisi na hurudi, kwa sababu hakuna anayeiona kuwa mali. Halafu ina saa: ukisema "dakika ya kumi na nne, sekunde ishirini, sikiliza besi", wote wanafika hapo. Ubishi wa nani anamfuata nani huisha kwa CD, maana Ascension ya CD ina mapigo yote mawili. *Faili* zina saa hiyo hiyo na hugawika kirahisi, kirahisi mno. Tulikubaliana kwamba flashi haitoki na muziki ambao mwenyewe yuko hai na anauuza.

*Kutiririsha* ni mwamuzi mzuri na mwenyeji mbaya. Mtu akitaja jina usilolijua, sekunde kumi unalisikia. Mgeni anaingia kwenye mazungumzo siku ya kwanza bila kununua chochote. Ila hakuna anayemaliza kipande. Dakika ya tatu mwingine anasema "hebu weka na hii", na jioni inaishia kwa vipande nusu nusu ishirini ambavyo hakuna anayeweza kubishana juu yake.

Uchague nini, kulingana na hali yako

Ukiwa hujui bado kama unaupenda muziki huu, tiririsha. Lipia mwezi mmoja, vaa vipokea sauti, anza na The Shape of Jazz to Come ya Ornette ya mwaka 1959, kisha Spiritual Unity, ambayo haifiki nusu saa. Kila moja isikilize mara tatu, siku tofauti. Zikikushinda, hujapoteza nafasi kabatini.

Ukiwa unaishi ploti yenye kuta za karatasi na pesa si nyingi, faili ni rafiki yako. Nunua albamu moja kwa mwezi, uisikilize mwezi mzima. Baada ya mwaka utakuwa na albamu kumi na mbili unazozijua kwa undani, na hizo zinatosha kubishana na mtu mwenye mia tatu.

Ukiwa mtu wa kuchunguza mapigo, tarehe na nani alikuwepo, chagua CD, tena sasa, wakati wengine wanazitupa. Tafuta na ile DVD pleya kabla mama hajaigawa.

Ukiwa na sebule, majirani wenye subira, na watu wawili watatu wanaokuja Jumapili, jiruhusu santuri chache. Si zote. Chagua zile ambazo jalada lake lina la kusema na ambazo kugeuza upande hakukuudhi: Mwandishi ni mfano, kwa kuwa upande wake wa pili wote ni kipande kimoja cha dakika 21. Rekodi za kimyakimya ziachie CD.

Ukiwa umerithi santuri za mzee na hujui una nini, usiuze wala kuosha chochote kwanza. Toa Ascension kama imo, iinamishe chini ya taa, usome ule ukanda laini karibu na lebo. Halafu tupigie simu, tuna ubishi haujaisha.